Amina Kutoka Ndani ya Tenki

Wasee, leo nimeaibika mbele ya chama kizima cha akina mama. Nikiwa na povu. Nikiwa ndani ya tenki. Ngoja niwapangie vizuri, kwa sababu najua dadangu atawapa toleo lake, na litakuwa na uongo (na ukweli mwingi pia).

Mnajua kwetu ni Mogogosiek. Kwetu maji hayatafutwi, yanakutafuta wewe. Kila mchana mvua inaripoti kama mtu wa shifti kiwanda cha chai, na ukichelewa kuanua nguo, shauri yako. Sasa nimekuja likizo huku Soin, kwa dadangu Chelangat aliyeolewa juzijuzi. Huku ni chini, jua linachoma hadi kuku wanagombania kivuli cha punda. Ukisimama uani ukiangalia juu, unaona milima ya kwetu imevaa mawingu. Ukiangalia chini, ziwa linang'aa kwa mbali. Maji juu, maji chini, na sisi hapa katikati tumekauka kama biskuti. Hiki ni kisiwa, ila mwenye kukitengeneza alikosea mahali pa kuweka maji.

Jana, siku yangu ya kwanza, nilipewa kikombe cha maji. Nikanywa nusu, nusu nikamwaga chini. Mbele ya mama mkwe wa Chelangat! (Sote tunamwita Kogo, yaani nyanya. Hata mbwa anajua.) Kogo aliangalia pale chini mpaka pakakauka. Halafu akasema polepole, "Watu wa majani chai."

Jioni Chelangat akanivuta jikoni. "Kibet, mimi hapa bado ni mgeni kama wewe. Ukimwaga tena, ni jina langu unamwaga. Umesikia?"

Nimesikia. Kwa hivyo leo niliamka nikiwa mtakatifu wa maji.

Mchana Kogo akanipa jagi la kuoga. Jagi! (Kwetu hiyo ni ya kusukutua.) Nikaona hapa ndipo nitasafisha jina la dada yangu. Nikajimiminia kikombe kimoja cha kulowesha sabuni, na yote yaliyobaki nikampelekea ndama, Kogo akiona.

"Na wewe utaoga na nini?" akauliza.

"Usijali, Kogo. Nitaoga na mvua."

Akaangalia juu. Akaniangalia mimi. Akarudi zake jikoni. (Hapo ndipo mtu mwerevu angeuliza swali.)

Lakini wingu lilikuwako, naapa! Jeusi, nene, na radi ikanguruma. Mimi, mtoto wa Mogogosiek, nani ataniambia habari ya wingu? Nikaenda nyuma ya nyumba, kando ya tenki jipya ambalo chama kimemnunulia Kogo, halijaonja maji hata siku moja. Nikavua, nikabaki na kaptura yangu ya darasa la sita yenye madirisha mawili nyuma. Nikajipaka sabuni kichwa, masikio, mgongo, kila mahali. Nikawa mweupe kama kondoo. Nikainua mikono, nikangoja.

Yakaanguka matone machache. Halafu wingu likapita. Bila hata kusimama! Nililiona kwa macho yangu (kwa jicho moja, lile lingine lilikuwa limejaa sabuni) likipanda mlima taratibu, likienda kunyesha kwetu.

Ndipo nikasikia nyimbo. Akina mama wa chama! Chelangat aliniambia asubuhi kwamba wanakuja kuombea tenki. Niliitikia. Sikusikiliza.

Taulo iko ndani ya nyumba. Akina mama wako kati yangu na nyumba. Nguo nimezitundika kwenye ua, upande huohuo wanaotokea. Kulikuwa na ngazi ya fundi imeegemea tenki. Nikapanda, nikafungua kifuniko, nikaingia. Kuingia ni rahisi sana ukiwa na sabuni. Nilishuka kama maziwa ya mursik kooni.

Ndani ni giza na joto la tanuri. Wakazunguka tenki. Mwenyekiti wao akaligonga, duuu! Meno yangu yakatetemeka. "Haya, tuombe," akasema.

Aliombea mabati. Akaombea mifereji. Akamwombea punda aliyechoka kubeba mitungi. Mimi humo nachomeka macho yote mawili, nimeuma kidole. Mwishowe akapaza sauti: "Baba, lijaze tenki hili!"

Sasa, mamangu alinilea vizuri. Hilo ndilo kosa lake. Ombi likiisha, mdomo wangu hufanya kazi peke yake.

"AMINA!"

Kabla yao wote. Na mnajua tenki tupu linavyofanya sauti ya mtu. Nilitoka kama nabii.

Mmoja akapiga yowe, "Uuuwi! Limeitikia!" Nikasikia viatu vikitimua mbio. Kogo peke yake hakukimbia. Alipanda ngazi, uso wake ukaziba mwanga.

"Chelangat! Ndugu yako yuko kwa tenki."

"Anafanya nini?"

"Kibet, unafanya nini?"

"Nahifadhi maji, Kogo."

"Maji gani?"

Nikanyoosha mikono juu nivutwe.

Kogo akashuka, akina mama wakarudi mmoja mmoja. Chelangat akapanda, akashika mkono wangu wa kulia, mwenyekiti wa kushoto, wakavuta. Nikateleza, nikarudi chini kwa matako. Wakajaribu tena. Puu! Kogo akasema, "Wacheni. Amelipaka sabuni, ataliosha. Aoge humohumo."

Wakanishushia mtungi mzima na kitambaa. Nikaoga na kusugua tenki kwa maji yaleyale, akina mama wakipokezana ngazi kunisimamia.

"Sugua kona ile!"

"Mama, hili ni duara!"

"Basi sugua kwapa!"

Chini, Kogo alifungua bomba la tenki, akakinga povu langu kwa beseni na kupelekea sukuma wiki. Hata uchafu wangu huku una kazi.

Nilipotoka, Chelangat hakunitazama. Kogo ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa kwa ngazi, akajifuta machozi kwa leso, akamwambia dadangu, "Bibi wa mwanangu, huyu usimrudishe kwao. Wiki ijayo ataosha la mwenyekiti."

Saa hii mamangu amenitumia ujumbe: "Huku kunanyesha vibaya sana. Umeoga?"

Wasee, mkicheka, chekeni kidogokidogo na mbakishe. Huku hatumwagi kitu.