Mwalimu wa Mtandao na Mashimo ya Maguu

Jumatatu, 1 Machi 2004
Mvua tangu alfajiri. Nimepalilia kahawa ya Mama Bonifasia mpaka mgongo umekataa kunyooka. Mwaka wa tatu huu nalima mlima wa watu hapa Maguu. Kwetu Kondoa wanajua nimekwenda kutafuta maisha. Bado nayatafuta.

Leo nimeamua. Jembe basi. Nitakuwa mwalimu wa Kiingereza. Nilifika kidato cha pili, vibarua wenzangu hawakufika. Tena si Kiingereza cha chaki kama cha Othmar, mwalimu mstaafu wa hapa kijijini, anayefundisha watu wazima kwa kitabu kisicho na jalada. Changu kitatoka kwenye mtandao.

Jumatano, 3 Machi
Nimedandia lori hadi Mbinga mjini, kwa Shabani. Mtu wa Kilwa, anauza vitenge, na nyuma ya pazia ana kompyuta moja inayolia kama mgonjwa kabla ya kuingia mtandaoni. Nikamwambia nataka kanuni za kufundisha Kiingereza. Akauliza ni nani atakayefundisha. Nikasema mimi. Akacheka mpaka akakaa chini, lakini akazitafuta. Tumezisoma pamoja, kwa kamusi.

Ya kwanza: mwalimu aongee kidogo, mwanafunzi aongee sana. Hii wameniandikia mimi. Kiingereza changu ni kidogo.

Ya pili: mwanafunzi akikosea, usimkatize. Nzuri. Sitajua kama amekosea.

Ya tatu: anzia kwenye kile wanafunzi walichokizoea.

Nyingine hatukuzifikia. Kulikuwa na picha ya kufundishia, familia imekaa mezani. Ilikuwa ikishuka polepole kutoka juu, laini ya simu ikakatika ilipofika vifuani. Shabani kaichapa hivyo hivyo. Watu watano wasio na mikono. Bibi yao kakaa mwisho, anatabasamu.

Nilipokuwa natoka, simu ikaita dukani, ndiyo namba niliyowapa nyumbani. Dada yangu Rukaiya. Mama hainuki tena kitandani, na macho yamezima kabisa. Anasema Majidi wake, mimi, aje hivyo alivyo. Nikamwomba Rukaiya wiki mbili. Siwezi kuingia kwa mama na mikono hii iliyopasuka, bora niende nikiwa mwalimu. Rukaiya akasema, kaka, mama haoni hata ukuta, mikono yako ataionea wapi?

Hajui aibu ya mwanamume.

Ijumaa, 5 Machi
Tangazo langu limekaa siku nzima kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Hakuja mtu. Othmar amelisoma, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, halafu akauliza huo mtandao utapandaje Maguu wakati hata redio lazima uifuate kilimani.

Mama Bonifasia ameniambia hapa watu hawaitwi kwa karatasi. Yeye akitaka kuchimba ngoro, yale mashimo yanayozuia mvua isiibe udongo wa mlimani, anapika pombe, anaita majirani, na shamba linakwisha siku moja. Wanaita ngokela.

Kanuni ya tatu hiyo! Kile walichokizoea. Nikamwomba apike kwa niaba yangu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika ni ngokela ninayoiita. Nikasema hakika. Mimi Mwislamu, pombe siigusi. Lakini kanuni ni kanuni.

Jumamosi, 13 Machi
Uwanja wa Mama Bonifasia umejaa. Darasa la Othmar halijawahi kujaa hivi. Wengi wamekuja na majembe. Nikawaambia wayaegemeze ukutani, wakatazamana.

Nikainua picha, nikawaonyesha yule bibi, nikatamka neno la mama kwa Kiingereza, nikanyamaza kama kanuni inavyotaka. Wakaitikia kwa pamoja, vile wanavyoitikia shambani, kuku wakakimbilia migombani. Tukarudia na kurudia. Mzee mmoja akauliza mikono ya hawa watu iko wapi. Nikamjibu imebaki kwenye mtandao, itafuata. Othmar, kata ya pombe mkononi, akasema basi huyo bibi analishwa na nani. Wakacheka sana. Mimi sikucheka.

Wakati wa kuagana kila mmoja alinishika mkono. Mwalimu, Jumatatu ni kwangu. Mwalimu, Alhamisi ni kwangu. Wameniita mwalimu. Hilo nitamwambia mama.

Jumatatu, 15 Machi
Nimekwenda kwa yule wa kwanza. Viatu nimevipaka mafuta, picha nimeifunga kwenye nailoni. Nimewakuta shambani. Nikainua picha. Wakanipa jembe.

Mama Bonifasia alinivuta pembeni. Mwanangu, uliita watu wakufanyie kazi. Kurudia maneno yako nusu siku ni kazi, na haikuwa nyepesi, watu wameamka na taya zinauma. Sasa unawarudishia.

Nikasema waliofaidika si wao, waliosoma?

Akanitazama kwa huruma. Akauliza nimemsikia nani hapa akiomba Kiingereza. Wewe ndiye uliyetaka kuwa mwalimu, akasema. Sisi tumekusaidia.

Nimechimba hadi jua likazama.

Alhamisi, 18 Machi
Mashimo. Malengelenge yamepasuka juu ya malengelenge. Othmar alisimama ukingoni mwa shimo langu, akasema mwalimu bora huongea kidogo na kuchimba sana. Nani kamwambia kanuni zangu?

Dereva wa lori kaleta salamu kutoka kwa Shabani. Rukaiya amepiga tena. Mama anapungua. Njoo.

Mama Bonifasia kasema niende kesho, mashimo yangu atayachimba yeye, hakuna atakayenisema. Dereva anakwenda Songea asubuhi, nafasi ipo, na hataki kitu.

Nimeitazama mikono. Imeharibika kuliko siku niliyotoka nyumbani. Nimemwambia dereva, tuseme Jumatatu. Ipone kidogo. Na pengine kufikia hapo nitakuwa nimefundisha mara ya pili, nipate la kusimulia.

Jumatatu, 22 Machi
Nimefika Mbinga na mfuko wangu. Shabani alikuwa amekaa nje ya duka, pazia limefungwa. Hakunipa mkono kwanza. Alinipa kiti.

Mama amezikwa Jumamosi.

Nimempigia Rukaiya. Hakunilaumu, na angenilaumu ningepata nafuu. Ameniambia siku ya mwisho mama alikuwa akipapasa shuka, anatafuta mkono wa kushika. Wakamwita jirani, mkulima. Mama akausikia ule mkono ulivyokomaa, akasema, Majidi amekuja. Akatulia.

Hawakumkatiza.

Tumesoma Fatiha, Shabani na mimi, katikati ya vitenge.

Jumanne, 23 Machi
Nimerudi Maguu. Rukaiya aliniambia nije sasa, tulie pamoja. Lakini ndugu wote watakuwa bado wapo msibani, na mimi nitaingiaje na mikono hii?

Arobaini ya mama itakuwa mwishoni mwa Aprili. Muda upo. Shabani ameahidi kuzitafuta zile kanuni zilizobaki, na picha nzima, yenye mikono. Nitakwenda arobaini nikiwa mwalimu.

Leo nimenunua mafuta ya mgando, nimejipaka hadi viwikoni. Kisha nimemwomba Mama Bonifasia apike tena.

Ameniuliza mara mbili kama nina hakika.