Waziri Achezwa na Binti Yake

Ignace ndiye aliyeleta habari, ndiyo maana pale kwa Maman Adélaïde, muuza pombe kali ya kanyanga mtaani Kadutu, walimwita Radio.

« Bacitoyens! Kambi ya batoto ya cycle d'orientation, bale banaanza sekondari, imeisha leo ku paroisse, kule kanisani. Bamefundishwa kuongoza benzabo na kukataa pombe na bangi. »

« Kuongoza? » Marcellin alishtuka. Huyo aliitwa Kilauri, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kilauri mkononi. « Zaïre iko na bachef mingi kupita ndizi! Kila mutoto akikuwa chef, nani atachota maji? »

« Utachota weye, » akajibu Maman Adélaïde.

Kicheko kikapasuka. Barthélemy peke yake, aliyeitwa Waziri kwa kupenda hotuba, hakucheka. Alikuwa ameinamia kanyanga ambayo hakuwa ameionja.

« Waziri, » Radio akamgeukia, « si Séraphine wako alikuwa kule? Ulienda kuona fête ya kufunga kambi? »

« Nilienda. »

« Na? »

Waziri akavuta pumzi. « Bakacheza théâtre. Baba mulevi anarudia kwake, anaimba, anasalimia mbuzi: bonsoir, citoyenne! Batu bakacheka. Na miye nikacheka, Radio, mpaka machozi! Nikauliza bibi yangu, mama ya Séraphine: huyu mupumbavu ni wa quartier gani? Akaniangalia tu. Njo nikatambua ile koti. Koti yangu! Na mwenye kuivaa, Séraphine! »

Radio akajilaza kwenye benchi kwa kucheka. Kilauri akapiga meza.

« Ukafanya nini? »

« Nikatoka. Batu bangali banacheka, miye natoka sawa mwizi wa kuku. »

« Hiyo si kambi, ni matusi! » Kilauri akawaka. « Abbé angebafundisha kusali chapelet! »

« Uongo iko wapi? » Maman Adélaïde akauliza. « Ile mbuzi, Waziri aliisalimia hapa, mbele ya macho yangu. »

« Ilikuwa giza! » Waziri akajitetea.

« Ilikuwa saa tisa ya muchana. »

Vicheko vikaanza upya, kisha vikakatika ghafla. Séraphine alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kambi shingoni, koti la baba yake mkononi.

« Bonjour, batonton. Papa, maman anakuita kukula. »

Kilauri akakunja uso. « Weye mutoto! Kuiga muzazi yako mbele ya batu, haya hauna? »

« Pardon, tonton, » alisema kwa adabu, akimtazama toka viatu hadi kofia. « Rudilia hivyo, polepole. Dimanche, kisha misa, tutacheza tena ku soko, na tuko tunatafuta mulevi wa pili. »

Kilauri akakumbuka papo hapo kwamba ana mgonjwa wa kumtembelea mtaani Nyalukemba. Radio hakuaga hata kidogo. Walisikia tu viatu vyake vikiteremka njia ya mawe.

Waziri akabaki na binti yake. Hasira aliyotoka nayo paroisse haikuwepo tena.

« Ile théâtre, » akauliza kwa sauti ndogo, « mwisho yake ilikuwa namna gani? »

« Haikukuwa na mwisho, papa. Nilikuona unatoka, nikasahau maneno yote. »

Waziri akainuka, akavaa koti, akamshika mkono.

« Na hii kanyanga? » Maman Adélaïde akamwita.

« Kunywa weye, maman. »

« Miye? » Akashika kifua kwa mshangao. « Miye sikunywaka hiyo sumu! »