Kofia Moja Katikati ya Weupe

Jumatatu, 9 Machi 1953
Nimemwandikia Mhariri, Bw. Lockyer, waraka wa kumi na nne, nikimwomba kwa heshima na taadhima cheo cha Msanifu Mkuu wa Matangazo, ambacho hakijapata kuwapo. Amejibu kwa mdomo, akipita na kikombe chake. Tangazo langu la kofia za duka la Gorrie likipendeza wiki hii, atalifikiria. Lisipopendeza, nirudi kaunta kupokea matangazo madogo. Kaunta! Nilikaa pale miaka sita.

Jumanne, 10 Machi
Mchoro umekamilika. Kofia moja, pembeni weupe mtupu. Bi Thelma Hocking, mchoraji mwenzangu, ambaye hujaza kila pembe vinyota, ameuliza kama nimeishiwa wino. Nimeihifadhi kauli hiyo kwa kumbukumbu.

Jumatano, 11 Machi
Fedheha. Ukurasa wa kwanza, ambao hapa Wirrabee ni wa vifo, mazishi na ng'ombe waliopotea, umefurika. Notisi moja imesukumwa hadi ukingoni mwa kofia yangu. Nilimwomba Bw. Clarrie Dunstan, msimamizi wa wapanga chapa, aiondoe. Akasema asiye mwanachama wa chama chao cha wafanyakazi hagusi herufi za risasi chumbani mwake, hata awe askofu. "Ukitia kidole hapo, Alwyn, vijana wote wanaweka vifaa chini. Umenisikia, baba?"
Nimemsikia. Malalamiko yangu yamefika kurasa tatu.

Alhamisi, 12 Machi
Saa nne asubuhi. Wapanga chapa wote kwenye chai. Ukurasa juu ya meza, mistari ya risasi imebanwa ndani ya fremu. Maandishi hukaa kinyume, kama kiooni. Wao huyasoma hivyo hivyo bila kusita. Mimi sikujaliwa. Kwa urefu wake, niliamua kwamba notisi ile ni ya ng'ombe wa Bw. Teague, iliyokwisha kutoka wiki tatu mfululizo. Nikaing'oa. Nikajaza pengo kwa vipande vitupu visivyo na herufi, nikakaza fremu.
Alasiri gazeti likatoka. Kofia ilielea! Nilitokwa na machozi.

Ijumaa, 13 Machi
Ng'ombe wa Teague yumo, safu ya tatu.
Niliyoing'oa ilikuwa ya mazishi ya marehemu Jens Rasmussen, fundi wa reli, leo saa nne. Katika mji huu watu hungoja kusoma saa gazetini, ndipo waende kuzika. Mchana mjane wake alifika kaunta, glavu nyeusi mikononi. Nilikuwa nimesimama pale kwa bahati mbaya.
"Tulikuwa watano, pamoja na kasisi," alisema. "Mkate tulikata wa watu sitini. Niambie ukweli, bwana. Walimchukia?"
Nilianza kutunga jibu lenye staha. Bw. Dunstan akatangulia. Alikuwa ameokota mistari ile katika kapu langu la taka. Aliiweka mbele ya mama huyo, akamsomea kutoka kwenye risasi, polepole, jina, kanisa, saa.
"Hawakumchukia, mama. Hawakuambiwa."
Nyuma yake wapanga chapa wote walikuwa wamesimama mikono mitupu. Hakuna aliyenitazama.

Jumamosi, 14 Machi
Wapanga chapa wamerudi kazini kwa sharti kwamba nisikanyage chumbani mwao. Gorrie ameondoa tangazo. Kuanzia Jumatatu, kaunta. Bw. Dunstan amepanga kwa mkono wake mwenyewe kikaratasi cha wito kwa watu wa reli wakutane kaburini kesho.

Jumapili, 15 Machi
Walikuja wote, na wake zao. Walisimama vichwa wazi. Nami nilikuwapo, nyuma.
Baadaye nilimkabidhi Bi Rasmussen mchoro wa jiwe la kaburi: jina dogo katikati, weupe pande zote. Aliutazama, akanirudishia, akasema, "Jiwe limekwisha agizwa. Naomba uniache, bwana." Kwa dhahiri ameguswa.
Nimepita uani kwa mchonga mawe. Maandishi ya jiwe la Rasmussen yamesongamana kupita kiasi, na mstari wa mwisho, kwa maoni yangu, hauna haja. Patasi huachwa pale pale. Nimeuliza: fundi hutoka kwenda kula saa sita kamili.