Mhadhiri wa Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua jogoo. Naandika polepole ili niamini.

Sababu zangu ni za kina. Kazi yangu ni kusahihisha miswada ya watu wengine, hapa hapa nyumbani, kwa hiyo siku yangu haina mlango wa kuingilia. Saa ya simu huamsha mwili tu. Nafsi hubaki kitandani. Jogoo huamsha mtu mzima. Tena ni kiumbe. Anatazama. Tangu nimalize chuo naishi kwa dada yangu, na dada ana kazi yake, ni mpima ardhi, kichwa chake kimejaa mipaka ya viwanja vya watu. Sijawahi kuwa wa kwanza kwa yeyote. Kwa jogoo nitakuwa wa kwanza, na wa pekee.

Muuza kuku aliniuliza namchinja lini. Nikamweleza kuwa ni wa kufuga, ndani, ghorofa ya tatu. Alinitazama kisha akatazama nyuma yangu, kama anatafuta ndugu zangu. Akapunguza bei bila kuombwa.

Mwekundu shingoni, mweusi mkiani, upanga wake wa kichwani umelalia upande mmoja kama kofia ya msomi. Nimemwita Mhadhiri. Alipanda ngazi ndani ya begi langu la kompyuta, kichwa nje, kimya kabisa. Yuko bafuni. Dada hatajua kitu mpaka nimwandae kisaikolojia.

Baadaye. Dada amejua. Alirudi na vumbi lake la kazini, akaenda kuoga moja kwa moja. Hakupiga kelele, si kawaida yake. Alitoka, akaketi, akavua buti moja, akasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Nikamjibu kwamba methali si sheria. Mhadhiri akawika kutoka bafuni, kuniunga mkono.

"Mpaka Jumapili," dada akasema. "Jumapili ikimkuta humu, mmoja wenu wawili anatoka, na akitoka yeye tu mshukuru Mungu."

Nimepewa muda. Mwenye akili hahitaji zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Alfajiri hakuwika. Nilimlaza chumbani kwangu, na mapazia yangu ni mazito. Niliamka saa nne asubuhi, yeye bado amelala kwa mguu mmoja. Nikafungua pazia. Hapo ndipo kwake kulipokucha, na mhadhara ukaendelea mpaka adhuhuri.

Mlango ukagongwa. Muuguzi wa ghorofa ya pili, anayefanya zamu za usiku na kulala mchana. Shuka kifuani, macho mekundu. Nilimwamkia vizuri. Aliitikia bila haraka, kisha akauliza ile sauti ni ya nini. Nikasema ni mchezo wa redio. Nilijishangaa jinsi uongo ulivyokuja ukiwa tayari umevaa viatu. Akasema mwigizaji wangu ni hodari, ila nimwambie sehemu yake imekwisha. Akashuka.

Mkakati: kama mwanga ndio unaomwamsha, kusikuche. Nimefunga mapazia yote. Nimesahihisha mswada gizani kwa tochi. Kila nikiwasha tochi, anawika. Kila nikizima, naweka alama ya mkato penye nukta.

Jumatano, 5 Machi

Nimekaa na kufikiri. Hoja kuu ya dada si kelele, kwa kuwa mchana hayupo. Ni sakafu. Jana alikanyaga kitu akiwa na soksi.

Basi nimeshona nepi ya jogoo. Kitambaa nimekata kwenye kizibao cha zamani cha dada cha kazini, kile cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa. Kumvisha kumenigharimu kucha moja na heshima kidogo. Alinidonoa vidole vyote vya mkono wa kulia, kwa zamu, kama mwalimu anayeita majina.

Dada aliporudi alimkuta anakatiza sebuleni, anang'aa. Akasimama. Nikaanza utetezi wangu. Sikufika mbali. Dada alicheka mpaka akashika friji. Tangu waletewe bosi mpya hajacheka hivyo. Alisema jogoo ni bosi huyo kabisa, mwendo ule ule, hata shingo. Halafu akainama, akasema mshono unambana pajani. Akatoa futikamba yake, akampima, akakata upya, akashona yeye mwenyewe. Mhadhiri alisimama wima kama anapimiwa suti. Hakudonoa mtu.

Ushindi! Umeingia mlangoni wenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Nadharia yangu: hakuna anayeweza kumfukuza aliyemlisha kwa mkono wake. Jana nilijifanya naumwa kichwa ili dada amlishe. Leo nilipanga kuumwa tena, lakini sikuhitajika. Alirudi mapema na majani ya kabichi kwenye mfuko wa vifaa vya kazi. Alipoingia tu akasema, "Mzee amekula?"

Nikajibu kwamba nimekula, asante. Akasema hakuwa ananiuliza mimi.

Anamwita Mzee. Nimemwambia jina lake ni Mhadhiri. Amesema hilo ni jina la kazini.

Mambo yanakwenda kama nilivyopanga. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Sijui kwa nini nataka kulala mapema.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya hukumu. Hakuna aliyeitaja. Dada aliketi sakafuni kurekebisha mkanda wa kifaa chake cha kupimia, mimi kwenye kiti na mswada. Tulivu kabisa. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Hapo Mhadhiri akaokota punje ya mahindi. Hakuila. Akatembea nayo mpaka kwenye mguu wa dada, akaiangusha, akatoa mlio mdogo wa kooni, laini, ambao sijawahi kuusikia. Akaiokota, akaiangusha tena. Akamtazama.

Najua maana yake, nimesoma. Jogoo hufanya hivyo kwa yule aliyemchagua. Humwachia chakula, yeye akae na njaa. Mimi nimemlisha wiki nzima na hajawahi kuniangushia hata pumba.

Dada akauliza anafanya nini. Nikasema ni gesi tumboni, huwapata kuku wa ndani. "Maskini," akasema, akamweka mapajani, akamsugua tumbo mpaka akafumba macho.

Kwa hiyo uongo wangu umempatia masaji. Nimekunywa maji na kwenda chumbani. Nimefungua mapazia yote. Kukuche, kwa faida ya nani sijui.

Jumanne, 11 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Jogoo hachagui roho, anachagua umbo. Anaona buti, anaona kofia ngumu, anaona rangi ya chungwa. Ni suala la mavazi tu. Mimi ndiye niliyemleta, mimi ndiye ninayekaa naye kutwa. Kinachonikosesha ni sare.

Dada alipoondoka nikavaa buti zake za akiba, kizibao kipya, kofia. Nikamwaga mahindi sebuleni. Nikachuchumaa, nikatoa ule mlio wa kooni, nadhani kwa ufasaha. Mhadhiri alizitazama buti. Akaja. Akapandisha macho taratibu, goti, kizibao, shingo, akafika usoni. Akasimama pale muda mrefu. Kisha akanidonoa kwenye kifundo cha mguu, si kwa hasira, kama mtu anayegonga muhuri wa kukataliwa.

Dada alikuwa amesahau futikamba. Nilimsikia mlangoni nikiwa katikati ya mlio.

Akauliza kwa upole kama niko sawa. Nikasema ni mazoezi ya mgongo. Alitazama mahindi yaliyonizunguka, akatazama kofia. Akasema basi asinikatishe, ila nikimaliza mgongo niirudishe kofia kwenye msumari wake. Mhadhiri akamsindikiza hadi mlangoni. Akabaki hapo hapo mpaka jioni, amelala na kifua juu ya kandambili za dada.

Alhamisi, 13 Machi

Dada amepika yeye, ingawa ilikuwa zamu yangu. Nikajua kuna jambo.

Kuna kazi ya mwaka mzima, mbali, wanapima viwanja vipya. Inakuja na nyumba yenye ua na uzio. Walimpa tangu mwaka jana, akakataa. Mimi sikujua. Jana amekubali. Anaondoka Jumamosi na lori la ofisi.

Nikauliza kwa nini alikataa. Alichukua muda kupakua.

"Nilikataa kwa ajili yako," akasema. "Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka chuo, huna mtu. Sasa nimekubali kwa ajili yake. Usinitazame hivyo. Wewe unajua kufungua friji. Yeye anateleza kwenye vigae, anahitaji udongo wa kuchakura."

Nikanyoosha vijiko mezani.

"Na usidhani sijui maana ya zile punje," akaendelea. "Na mimi najua kusoma, mdogo wangu."

Kisha akasema kuna chumba cha tatu. Niende. Miswada yangu inaweza kusahihishwa popote penye meza. Kwa kweli nilitaka kusema ndiyo. Neno lilifika kwenye meno. Lakini nikauona huo mwaka: asubuhi wao wawili uani, mimi dirishani, mgeni wa jogoo niliyemnunua mwenyewe. Nikasema kazi yangu inahitaji mji. Akauliza mji upi, mbona sijatoka humu ndani tangu Jumatatu. Nikasema ndiyo huo.

Alinitazama kama anavyotazama ardhi yenye mteremko, akipima atasimama wapi. Kisha akanipa mnofu wa samaki, ule upande usio na miba, ambao siku zote hula yeye. Mhadhiri alikuwa chini ya kiti chake. Tulikula wote watatu.

Jumamosi, 15 Machi

Wameondoka.

Muuguzi alikuwa anarudi kutoka zamu, akasaidia kubeba maboksi bila kuombwa na mtu. Alipoona kilichomo kwenye boksi lenye matundu akatulia, akakisalimia kwa adabu, shikamoo mwigizaji. Dada akacheka. Mimi nikacheka pia, nikachelewa kidogo.

Mhadhiri alikaa mbele, mapajani pa dada, bila nepi, mtu huru. Dereva alisema hajawahi kubeba abiria anayekaa wima hivyo. Dada akashuka tena. Akanirekebisha kola, ambayo haikuwa na tatizo.

"Ukichoka kuwa na msimamo, njoo," akasema. "Sitakuuliza kitu."

Nikasema nitafikiria. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Lori liliondoka. Jogoo hakugeuka. Lakini macho ya jogoo yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo kitaalamu huenda alikuwa ananitazama muda wote. Niliendelea kusimama barabarani kwa ajili ya uwezekano huo.

Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Niliokota punje chini ya kiti nikaiweka mezani. Sikuangusha chozi. Nilisahihisha kurasa nyingi na kwa mara ya kwanza mwandishi alikuwa sahihi kila mahali.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelala usiku mzima na nimeamka nikiwa na akili iliyotulia. Jana yote niliitumia kuchunguza kosa langu, bila kujionea huruma, kama ninavyochunguza kazi za wengine. Nimelipata.

Kosa si kufuga jogoo ndani. Kosa si uongo, wala nepi, wala buti. Kosa lilikuwa kufuga jogoo mmoja. Aliyepewa upendo bila mshindani hauthamini, anautupa kwa yeyote anayepita na futikamba. Dawa ni ushindani. Wakiwa wawili, kila mmoja atahofia kunipoteza kwa mwenzake. Wivu hujenga. Sijui mtu yeyote aliyeharibikiwa kwa sababu ya wivu.

Dada alipiga simu asubuhi. Mzee anachakura ua wote, na chumba cha tatu kina meza. Nikamwambia siwezi kutoka kwa sasa, kuna watu wananitegemea. Akauliza, kwa sauti ya chini sana, watu wa aina gani. Nikasema mtandao unakatika.

Muuza kuku safari hii hakuuliza habari za kuchinja. Aliuliza kama kuna mtu nyumbani. Nikasema naishi peke yangu. Akasema aa, akanichagulia wawili, mmoja mweupe, mmoja wa madoadoa, akawafunga kamba yeye mwenyewe na kunibebea hadi barabarani. Watu wema bado wapo.

Sasa ni jioni. Wako bafuni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo sijawafungua bado. Nimeketi ukingoni mwa beseni la kuogea kwa muda mrefu ili wanizoee. Nimewasomea ukurasa wa mswada. Wote wawili wamenipa mgongo, wanatazama vigae.

Si dharau. Nimewaelewa mara moja. Kila mmoja anaogopa mwenzake asimwone akinitazama.