Bustani Yangu Ukingoni mwa Bahari

Jumatatu, 6 Oktoba
Hatua kumi na tisa kutoka mlango wa jikoni hadi ukingoni mwa genge la bahari. Jana ishirini na moja! Nimepima mara mbili. Pwani hii ya Jutland, huku Denmark, imeliwa na bahari tangu enzi za babu, lakini siku hizi dhoruba hazipumziki. Nyumba niliipata kwa bei ya kutupa. Tuliuza fleti ya mjini Aalborg, aliyorithi mke wangu Lisbet kwa mama yake, tukainunua. Nilimwapia thamani itapanda. Hatuna kwingine. Bima wamekataa. Lisbet haniulizi tena kitu, ila analala na viatu miguuni. Vile viatu vinanitisha kuliko bahari.

Jumanne, 7 Oktoba
Jirani wa nyuma, Herluf, kachungulia tena juu ya uzio. Ati Preben bwana, iko siku utaamkia Norwei, ng'ambo ya bahari. Wivu tu! Mimi naona bahari, yeye anaona mgongo wa nyumba yangu.
Mchana wakaja watu wa manispaa. Wamepigilia vigingi vyekundu mita kumi kutoka ukingoni, mtu asivuke. Vimepita katikati ya bustani yangu! Na Jumamosi wanunuzi wanakuja kuiona nyumba.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimepata dawa. Nimeving'oa vigingi, nikavisogeza hadi hatua mbili tu kutoka ukingoni. Nilitambaa kwa tumbo. Udongo ulimeguka chini ya kiwiko changu. Nikamwomba Mungu, mimi ambaye kanisani naonekana Krismasi tu. Lakini bustani sasa ni uwanja!

Jumamosi, 11 Oktoba
Ukungu mzito. Mikate ya mdalasini ovenini, nyumba inanukia. Wakaja Bwana Skovgaard na mkewe, kutoka Kopenhageni. Kwa desturi yetu Wadenmark, mgeni hapandishiwi bendera? Nikaipandisha. Nikarudi kinyumenyume kuitazama, kisigino kikagusa kigingi, nikasema moyoni ah, bado mita kumi. Akili yangu hiyo! Ardhi ikatoweka.
Kamba ya bendera ilikuwa bado mkononi, nikaing'ang'ania. Nikishuka, bendera nayo inashuka. Nikakwama kwenye udongo, miguu hewani, mawimbi yananguruma chini, nalia kama mtoto. Skovgaard akaja mbio, akaidaka bendera kwanza. Kwetu bendera kugusa ardhi ni mwiko, bwana! Akaikunja pembe kwa pembe, ndipo akanipa mkono. Na aibu ni hii: mimi mwenyewe nilikuwa nikimpigia kelele aiwahi bendera.
Wameondoka bila kuonja mkate. Lisbet aliuliza nani kasogeza vigingi. Nikasema upepo.

Jumatatu, 13 Oktoba
Dhoruba tangu alfajiri. Herluf katuita kwake, Lisbet akatoka bila hata kuniaga. Saa tatu asubuhi jiko letu likaenda na bahari. Kisha sebule. Kisha yote, polepole, sisi tumesimama na vikombe vya kahawa mkononi.
Lisbet amelia. Kasema mama yake alifua mashuka ya hospitali miaka arobaini kwa ajili ya ile fleti, na mimi nimeitupia samaki.   Herluf hakunitania hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma.
Kisha nikainua macho. Dirishani kwa Herluf, bahari yote! Hakuna nyumba mbele yake. Nikamvuta Herluf kando, nikamuuliza kwa upole angeuza bei gani, kabla watu wa Kopenhageni hawajashtuka.
Dada yake Lisbet naye ana fleti yake. Nitampigia simu kesho.