Wananchi wa Kukodi

Kinanda aliingia ukumbi wa halmashauri kwa shida moja tu: simu yake ilikuwa imeisha chaji, na ukumbini kulikuwa na umeme wa bure. Alikuwa amechutama kando ya soketi, mpole kama mtu anayeomba dua, alipomsikia Afisa Mapato akilalama mbele ya viti vitupu.

"Mara ya tatu tunaahirisha! Viti vipo, maji ya chupa yapo, spika zipo. Wananchi hawapo!"

Mkutano wenyewe ulikuwa wa kujadili tozo ya maendeleo: kila mwenye meza sokoni alipe, soko lijengewe choo. Sheria ilitaka wananchi hamsini wakae, wasikilize, kisha wanyooshe mikono. Bila hao hakuna tozo, na bila tozo wakubwa wa Afisa wangetaka kujua mshahara anaulia nini. Lakini wananchi wakisikia neno tozo tu, huyu anaumwa mgongo, yule ana mgeni.

Kinanda akachomoa simu. Jina hilo alipewa na watu aliokwisha kuwachezesha.

"Mheshimiwa, wananchi ninao."

"Unao?"

"Kwa jumla na rejareja. Wengi akina mama. Wasikivu, hawasinzii."

"Na mikono?"

"Inapanda yenyewe. Nusu ya bei leo, nusu siku ya mkutano, kabla ya kura."

Afisa akatazama viti, akatazama mlango, akatoa.

Mtu mwenye kiasi angekwenda zake kula. Kinanda akavuka barabara hadi kwa Tajiri wa Fremu, mwenye safu nzima ya maduka yanayolizunguka soko. Nyuma ya maduka hayo kulikuwa na choo pekee cha eneo lile, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Tajiri. Aliyebanwa alilipa kwanza, akajieleza baadaye. Habari ya choo cha umma ilikuwa imemkosesha usingizi.

"Mzee, tozo inapita," Kinanda alisema kwa huzuni ya kukodi. "Labda nikuletee watu hamsini wanaojua kuguna."

"Kuguna tu?"

"Kuguna, kusonya na kukataa. Ukiongeza kidogo, mmoja anazimia."

"Wa kuzimia simtaki. Akizinduka ataomba choo bure." Tajiri akahesabu, akatoa nusu.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kinanda angepokea nusu zilizobaki, na mwenyekiti akitamka "wanaokubali," yeye angekuwa ameshatoka mlango wa nyuma, anaelekea mji mwingine wenye watu wakarimu. Kura iende itakakokwenda.

Wananchi alikwenda kuwaagiza kwa shangazi yake, muuza ndoo pale sokoni, aliyemlea tangu hajaota meno.

"Akina mama hamsini, Shangazi. Kazi ni kukaa."

"Kukaa tu? Na posho?"

"Baada ya mkutano."

Shangazi akamtazama kama anavyotazama ndoo iliyorudishwa na mteja. "Haya, baba," akasema.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa hadi Diwani, ndiye mwenyekiti, akafuta miwani mara mbili. Afisa alieleza tozo kwa takwimu mpaka wawili kati ya wale wasiosinzia wakaanza kukoroma. Tajiri akasimama.

"Akina mama, mnatwishwa mzigo! Choo si kipo?"

"Kipo, baba," akajibu muuza nyanya. "Juzi ulikwenda na ufunguo harusini. Unajua tulivyoshinda hapa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mwenye meza ya nyanya analipa, mwenye safu ya maduka halipi. Kwa nini?"

"Hilo ni suala la kisera, mama," akasema Afisa.

"Na hiyo sera yenu huwa inakwenda haja wapi?"

Hapo walioletwa kukaa wakasahau kukaa. Kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu choo, na wote walilisema pamoja. Katika zogo hilo Kinanda akafanya kazi yake: bahasha ya Afisa akaipokea nyuma ya spika, ya Tajiri kando ya dirisha. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlango wa nyuma. Alikuwa amekosea hesabu mahali pamoja. Unapokodi watu wa kukaa na kutazama, watakaa, na watatazama.

"Mwenyekiti, kabla ya kura tumshukuru mtu," sauti ya Shangazi ikatoka kwenye spika. "Mtoto wa kaka yangu, yule pale anayeshika komeo. Ana haya sana. Amezunguka kutuchangishia choo hata kabla ya tozo! Afisa ametoa, nimemwona kwa macho yangu. Na Tajiri, tuliyemsema vibaya sasa hivi, naye ametoa pale dirishani. Au nimeona vibaya, mzee?"

Tuwe na huruma kidogo kwa Tajiri. Angeweza kukana, na kueleza mbele ya akina mama hamsini kwamba ile ilikuwa bei yao.

"Nimetoa," akasema, jasho likimtiririka. "Kwa moyo."

"Hata mimi," Afisa akadakia. "Moyo huohuo."

Vigelegele vikapasua paa.

"Shangazi, hizi ni..." Kinanda alianza.

"Usione haya, baba. Weka mezani."

Akaweka.

"Na za kwenye soksi."

Diwani mwenyewe aliinama kumsaidia kuvua kiatu.

Kura ikapigwa: walipe wenye maduka, meza zisamehewe. Mikono ikapanda kama miche baada ya mvua, na Tajiri, mfadhili wa dakika tano, akajikuta ameinua wake hadi begani. Kwa kuogopa watu wasibadilike, Diwani akatangaza kwamba shimo linaanza kuchimbwa leo leo.

Kinanda akachungulia nje. Mlango wa mbele, Afisa. Mlango wa nyuma, Tajiri na wapagazi wake wawili. Shangazi akamkabidhi sururu.

"Utatoka nasi, au unabaki?"

Akatoka katikati ya akina mama hamsini.

Jua lilipoanza kushuka shimo lilikuwa limemfika kiunoni.

"Na posho yetu?" akauliza muuza nyanya kutoka juu.

"Si unaona natoa jasho, dada?" Akashusha sauti. "Shangazi, wameondoka?"

Shangazi, aliyekalia ndoo aliyoigeuza, akatazama ng'ambo ya barabara. Afisa na Tajiri walikuwa wamekaa benchi moja, wakinywa maji chupa moja na kusimuliana.

"Bado," akasema. "Chimba, baba. Ukifika shingoni hawatakuona."