Mwenyekiti Asiye na Kuku

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa kwa Mkuu wa Kitivo. Nilidhani ni habari ya kupandishwa cheo. Nikavaa koti. Kumbe!

Amenikalisha, akafunga faili, akaniambia kwa upole (na upole wake ndio unaotisha) kwamba somo langu lina wanafunzi kumi na mmoja. Somo la Masoko lina mia moja na arobaini, na wengine wanasikilizia dirishani. Nikajitetea. Kufundisha Uendeshaji wa Mashirika Yasiyotafuta Faida katika chuo cha biashara ni sawa na kumbembeleza paka ale kabichi. Leo hii kijana mmoja, ambaye namwita Bwana Tai kwa sababu sijawahi kuiona shingo yake, ameniuliza: kama shirika halitafuti faida, mwenyewe anajuaje kwamba bado halijafa? Nikamwambia hilo ni swali zuri. Jibu sina mpaka sasa.

Mkuu hakucheka. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, jopo la tathmini linakuja. Likiwakuta wanafunzi wangu wanaendesha shirika la kweli, lenye bodi inayokutana na watu wanaosaidiwa, somo linabaki. Lisipowakuta, somo linafutwa na mkataba wangu unakwenda nalo. Miaka kumi na mitatu ya chaki! Ndipo nikajisikia nikimwambia asiwe na wasiwasi, mimi mwenyewe ni mwanzilishi na mwenyekiti wa shirika. Akainua miwani. Akasema vizuri sana, watakuja kuliona.

Mlangoni nikamkuta Bwana Masoko, mwalimu wa lile somo la madirishani. Viatu vyake vinang'aa mpaka unajiona kidevu. Akanipa pole. Pole ya nini, na sijamwambia mtu? Saa nane mchana nimemfuma ofisini kwangu akipima dirisha kwa kamba. Eti anapita tu.

Jumanne, 4 Machi

Shirika lipo! Sikusema uongo. Miaka tisa iliyopita, kila mwenye koti alipokuwa anasajili shirika, na mimi nilisajili langu: Jumuiya ya Kuinua Wanyonge. Lina cheti, muhuri na kibao. Wanachama watatu: mimi, mke wangu, na mama mkwe, ambaye alitia sahihi akidhani ni fomu ya miwani. Kazi zilizofanyika mpaka leo: kibao.

Kibao chenyewe nimekitafuta asubuhi nzima. Nimekikuta uani. Mama mkwe, anayeishi nasi mwaka wa kumi huu, amekifanya mlango wa banda la kuku, maandishi yakielekea ndani. Miaka yote hiyo wasomaji wetu ni kuku! Nikamwomba kwa adabu zangu zote. Akasema chukua, baba, mali yako hiyo, lakini wanangu walale mlango wazi? Hatimaye kibao kimetoka, na mlango wa kabati langu la vitabu umekwenda bandani. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Yule kuku mwekundu, ambaye tuna ugomvi wa siku nyingi, amenidonoa kisigino nikiwa nimeinama.

Darasani nimetangaza kwa sauti nene: kuanzia leo ninyi wote kumi na mmoja ni wanachama na wajumbe wa bodi. Wakachangamka! Bwana Tai akauliza wanyonge wenyewe ni akina nani na wanakaa wapi. Nikajibu kwamba wanyonge wapo kila mahali. Akaandika "kila mahali", akapigia mstari. Kisha yule binti wa meza ya mbele, ambaye wenzake wanamwita Ajenda kwa kuwa hata ukimsalimu anauliza ajenda ni nini, akaomba katiba.

Katiba! Miaka tisa hakuna aliyewahi kuiomba. Hata mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Katiba imepatikana chini ya godoro, kurasa ishirini na mbili, vifungu thelathini na kimoja. Nzito! Nimeipima mkononi nikajisikia raha. Nimetoa nakala kumi na moja na kuzigawa. Nimewaambia waisome neno kwa neno, kwa sababu kiongozi asiyeisoma katiba ya shirika lake ni mzigo kwa umma. Wakanukuu maneno yangu.

Mimi sijaisoma. Nilikuwa na mambo. Ilibidi nipake kibao rangi upya, kisha nitafute suruali nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kikao cha kwanza cha bodi. Nimekaa mbele, muhuri kushoto, chupa ya maji kulia. Nikafungua kikao. Ajenda akasimama, akasema kumradhi Mwenyekiti, ana hoja ya utaratibu. Nikamruhusu, nikifurahi moyoni jinsi binti alivyoiva. Akasoma kifungu cha tisa: mwenyekiti atakuwa mwanachama mwenye kuku hai wasiopungua watano, wanaotaga, walioonwa kwa macho na wajumbe wawili.

Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Bwana Tai akaniuliza kwa heshima kubwa kama nina kuku. Nikawaambia hiyo ni lugha ya picha, kuku hapa ni subira. Ajenda akafungua ukurasa wa kumi na sita, akauliza kama chanjo ya kideri kila baada ya miezi mitatu ni lugha ya picha pia.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Salale! Siku ile ya kusajili, karani wa dirishani alitaka katiba kabla ya saa sita, na mimi sikuwa na hata aya moja. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mzee mmoja mkarimu, koti lake lina pumba mfukoni, ana katiba safi, ndefu. Nikaiazima. Nikampa mpiga chapa wa pale nje, nikamwambia badilisha jina. Akabadilisha jina. Hakugusa kitu kingine chochote, na mzee yule alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa kuku.

Nikawaeleza vijana kwamba tutarekebisha. Hapana. Kifungu cha ishirini: katiba hairekebishwi ila kwa notisi ya siku sitini. Jopo linakuja baada ya siku saba! Nikawaomba tukipite tu kifungu hicho kama hatukukiona. Ajenda akanitazama kwa huzuni, akanikumbusha nilichosema jana kuhusu mzigo kwa umma. Wamenipa mpaka Jumanne nionyeshe kuku. Kiti changu kimetangazwa kuwa wazi, na muhuri ameushika Bwana Tai.

Nimeumbuka. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani nikiwachukia watu wanaosoma.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata dawa! Kuku wapo. Kumi na mmoja, nyuma ya jiko langu mwenyewe! Wanakula pumba za nyumba yangu, wanatetea chini ya dirisha langu. Kwa nini wasiwe wangu kwa saa moja?

Nimemwendea mama mkwe kwa kuzungukazunguka. Nikaanza na hali ya hewa, nikapitia mgongo wake, nikafika kwenye kuku. Nikamwambia chuoni wanafanya utafiti wa mifugo, kwa hiyo nikisema hawa ni wangu asishangae. Akaendelea kuchambua mchele. Akaniuliza yule mwekundu anaitwaje. Sikujua kwamba ana jina. Akasema basi, mkwe wangu, ukishalijua jina lake njoo tuzungumze.

Sawa. Kila Jumanne asubuhi huwa anakwenda kwa dada yake, harudi mpaka adhuhuri. Nimewaalika wakaguzi wawili saa nne. Nimemuagiza mke wangu asitoke chumbani. Amesema hatatoka, ila atakaa karibu na dirisha, jambo hilo hataki limpite.

Jumanne, 11 Machi

Ajenda na Bwana Tai wamefika saa nne kamili, na madaftari. Nikawapeleka uani, nikiwa na bakuli la mahindi. Nikawaambia tazameni, hawa nimewalea tangu mayai. Nikarusha mahindi, nikaita. Wale ndege wakanitazama, kisha kumi wakakimbilia upande wa pili wa banda kama wameona kicheche. Mwekundu peke yake ndiye aliyebaki. Akaja moja kwa moja, akanidonoa goti mara mbili. Ajenda akaandika. Nikaeleza kwamba hayo ni mapenzi.

Mama mkwe akaingia. Dada yake hakuwepo! Akasimama na kikapu chake, akatutazama mmoja mmoja. Akawakaribisha wageni, akawatafutia viti, akawauliza habari za masomo. Kisha akauliza wanatazama nini. Bwana Tai akasema wanakagua kuku wa Mwenyekiti. Mama mkwe akanigeukia taratibu. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Akasema hawa kuku ni wake, ila kelele zao, hizo kweli ni za mkwe wake, maana ndiye anayezilalamikia kila siku.

Ingeishia hapo ningeshukuru. Lakini wanawake wawili wa mtaani wakaingia na vikapu. Hao huja mara kwa mara, nami siku zote nimemwambia mke wangu ni umbea. Mmoja akatoa vifaranga watatu, mwenzake akawapokea. Ajenda akauliza ni nini hicho. Mama mkwe akaeleza kama mtu anayeeleza njia ya kisimani. Mjane akipungukiwa hupewa mtetea mmoja. Mtetea akitotoa, vifaranga watatu wanakwenda kwa mwingine aliyepungukiwa. Hawaandiki popote, wanajuana. Ni mwaka wa saba. Mpaka sasa wametimia wanawake ishirini na wanne.

Bwana Tai alilegeza tai. Naapa, ana shingo! Akafungua daftari la wanachama, akakuta jina la mama mkwe, mwanachama namba tatu. Akahesabu kuku: kumi na mmoja, wanaotaga, wenye chanjo. Wakakumbatiana na Ajenda kama waliopata mtoto. Mama mkwe akauliza hiyo karatasi si ya miwani? Dirishani mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mto.

Mimi nikaenda kuosha goti.

Ijumaa, 14 Machi

Jopo limekuja. Watu watano, Mkuu wa Kitivo katikati, Bwana Masoko pembeni amejialika. Sikupata usingizi wala uji haukupita. Nilikuwa nimemsihi mama mkwe aseme machache na aniachie maneno makubwa. Akaniambia sawa, baba. Akaingia na khanga yake ya sikukuu, akakaa kwenye kiti changu. Muhuri mbele yake.

Vijana wakaeleza. Wameeleza vizuri! Walikwenda kwa wanawake wote ishirini na wanne, nyumba kwa nyumba, wakachora mtetea mmoja alivyozaa ukoo mzima. Vijana wale wale waliokuwa wanasinzia nikiwafundisha dira na dhamira! Nilijisikia kulia, nikajifanya nakohoa. Kisha Bwana Masoko akainua mkono. Akatabasamu, akamuuliza mama mkwe: kama shirika lake halitafuti faida, anapimaje mafanikio?

Lile swali! Nikafumba macho. Mkataba wangu niliuona ukitoka mlangoni.

Mama mkwe akasema ni rahisi, anahesabu wanaokuja kumuomba mayai. Zamani walikuwa wanakuja kumi. Siku hizi anakuja mmoja, na huyo ni mkwe wake.

Mkuu wa Kitivo amecheka! Mimi miaka kumi na mitatu sijawahi kuyaona meno yake. Jopo likanong'ona dakika tano. Uamuzi: somo linabaki. Wanafunzi hamsini na wawili wa Masoko wameshaomba kuhamia. Mkataba wangu umeongezwa. Nikaruka! Nikampa Bwana Masoko pole, tena kwa mikono miwili.

Ndipo Mkuu akamalizia kusoma. Mwenyekiti wa Jumuiya atafundisha somo hili kila Jumatatu kama mwalimu mwalikwa. Mimi nitakuwa msaidizi wake.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza ya utawala mpya. Nimebeba kiti, nimefuta ubao, nimeshika kuku mwekundu kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Mama mkwe amefundisha saa mbili bila karatasi, wanafunzi sitini na watatu hakuna aliyepiga miayo. Alipomaliza akaniita mbele ya watu wote, akanipongeza kwamba nimemshika vizuri. Nimefurahi, na nimeona aibu kwamba nimefurahi.

Lakini sijalala! Mchana huu nimefanya mabadilishano na jirani: yeye kachukua baiskeli yangu, mimi nimepata mitetea watano, hai, wanaotaga. Kifungu cha tisa si kinasema watano? Nimekisikia kwa masikio yangu kikisomwa. Mkutano wa dharura nitauitisha Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo nakalia kiti changu.

Ajenda amenifuma nikiwapitisha uani. Sijui huwa anatokea wapi. Akaninong'oneza kwamba ananiheshimu kama mzazi, akanipa nakala mpya ya katiba, akanisihi niisome yote kabla sijafanya lolote, hasa kifungu cha kumi, kile cha kuku wa kubadilishana. Binti mwema sana. Nimempa mkono, nimemshukuru kwa moyo wote. Kurasa zote ishirini na mbili nimezitandika chini ya kuku, na wamelala vizuri.